Mitungi Mitatu ya Mama Okdan

Watu wengi huitamka methali ya akiba kwa wepesi, kama wanaomeza mate, wakidhani iliundwa kwa ajili ya wenye maghala. Sivyo. Mwenye ghala hahitaji methali, ana kufuli. Methali hii ni ya yule asiye na mbele wala nyuma, anayejinyima leo ili kesho mtoto wake asimame mbele za watu bila kuinamisha shingo. Inatuambia kwamba kilichowekwa kwa nia na kwa jasho hakipotei, hata kama siku ya kuwekwa watu walikicheka mpaka wakashika mbavu. Anayebisha na asikilize habari za Mama Okdan wa kijiji cha Bamgol.

Bamgol kilikuwa kimebanwa na milima kusini mwa Korea, na mambo haya yalitokea katika karne ya kumi na tisa, nchi ilipokuwa bado na mfalme wake na mkulima bado yu chini ya mwenye shamba wake. Yun Desik, mume wa Mama Okdan, alifariki kwa homa katika mwezi wa kupandikiza mpunga, miguu yake ingali na matope. Hakuacha ng'ombe wala shamba. Aliacha jembe, majaruba ya kukodi, na watoto watatu: Okdan, msichana wa miaka tisa mwenye macho ya mtu mzima, Sebong, mvulana mwenye maneno mengi kuliko meno, na Maknyo, msichana aliyekuwa bado mgongoni.

Siku ya mazishi wanawake walimlilia mjane kama kwamba naye amekufa. Yeye alilia siku zake, akanyamaza. Kisha akavaa nguo nyeupe za msiba, zile ambazo mjane wa Bamgol huzivaa mpaka mwaka wa tatu, akaenda shambani kutazama kingo za majaruba.

Alikuwa na sababu. Kila mpunga ulipovunwa, nusu ilikwenda kwa mwenye shamba, na hakuna aliyebisha. Lakini juu ya kingo, pale penye upana wa unyayo tu, mkulima aliruhusiwa kupanda soya, na soya hiyo haikugawanywa na mtu. Ilikuwa mali ya mgongo ulioinama kuipanda. Wengi walipanda mstari mmoja kwa uvivu, wakaridhika. Mama Okdan alipanda kila ukingo, mpaka ule wa mwisho kabisa unaopakana na mto, mahali ambapo hata bata huteleza. Alitoboa tundu kwa kisigino, na watoto wakafuata nyuma wakidondosha punje tatu tatu: moja ya ndege, moja ya mdudu, moja yetu.

Vuli ilipofika alivuna, akapura, akachemsha soya mpaka ikawa laini kama ulimi, akaitwanga, akaifinyanga mabonge ya kutolea mchuzi, makubwa kama matofali. Mabonge hayo aliyafunga kwa mabua ya mpunga, akayatundika darini katika chumba kile kile walicholala, maana ndicho pekee kilichokuwa na joto sakafuni. Baada ya majuma machache yakaota kuvu, jeupe, la kijani na jeusi, na harufu yake ikatangulia kuwapokea wageni kabla mwenye nyumba hajainuka.

Mgeni wa kwanza kuipokea harufu hiyo alikuwa Mama Changsu, mke wa Yun Manho, kaka mkubwa wa marehemu. Mwanamke huyo alikuwa na nyumba ya vigae, mitungi iliyopangwa uani kama askari wa gwaride, na ulimi usiojua mlango. Aliingia amefunika pua kwa mkono wa nguo.

"Mama Okdan, umefuga nini humu? Panya wamekufa?"

"Ni soya, dada. Imelala."

"Imelala au imeoza?" Akayatazama yale mabonge, kisha akayatazama mavazi meupe ya mwenzake, na uso wake ukabadilika. "Wewe una msiba. Unajua kabisa mwenye msiba hagusi mtungi wa mchuzi. Mchuzi uliopikwa na mkono wa mjane hata mbwa haulambi."

"Basi mbwa wako usimlete huku," akajibu Mama Okdan, akaendelea kukaza kamba.

Maneno yale yalifika kisimani kabla ya Mama Changsu kufika kwake, kwa sababu yeye mwenyewe alipitia huko kwanza. Na haikuwa mzaha. Katika bonde lile mchuzi wa soya ulikuwa roho ya nyumba. Mboga, supu, wali, hata mgonjwa asiyemeza kitu, vyote viliusubiri huo mchuzi. Ukibadilika ladha, watu walisema nyumba ile itaanguka, na wazazi wenye vijana wa kuoa walipita mbali na binti wa nyumba hiyo. Mama Okdan aliyajua yote hayo. Lakini alijiuliza swali moja: kama mjane ataogopa mkono wake mwenyewe, watoto wake watalishwa na mkono wa nani?

Wakati wa baridi alisuka makubadhi ya mabua mpaka vidole vikachanika, akayabadilisha kwa chumvi na wachuuzi waliopandisha mitumbwi mtoni. Mwezi wa kwanza, siku ya Farasi katika kalenda yao ya siku zenye majina ya wanyama, siku ambayo kila mwanamke wa Bamgol huchagua kwa kazi hiyo, aliyeyusha chumvi katika maji ya kisima, akatia yai. Yai likazama. Akaongeza chumvi, akakoroga, akalitia tena. Safari hii likaibuka, likaonyesha upara wake juu ya maji, kadiri ya sarafu. "Sasa wewe ni shahidi wangu," akaliambia. Akayapanga mabonge ndani ya mtungi, akamimina maji, akaelekeza mtungi jua linakochomoza. Shingoni aliuvisha kamba yenye makaa na pilipili nyekundu, na tumboni akabandika karatasi nyeupe iliyokatwa kwa umbo la soksi, kisigino juu, ili kila mdudu na kila jicho baya linalopanda likanyagwe.

Majira yalipobadilika, aliyatoa mabonge, akayaponda kuwa rojo, na rojo hilo ndilo walilolila mwaka mzima. Maji meusi yaliyobaki hakuyagusa. Akawaita watoto.

"Huu ni mtungi wa Okdan," akasema. "Mwakani nitaweka wa Sebong, na mwaka wa pili wake wa Maknyo. Hautachotwa mpaka mwenyewe atakapoanza nyumba yake. Mimi mwenyewe sitauonja, hata kwa ncha ya kidole."

Akaapa hivyo, na akawa mtu wa neno lake. Siku za jua alifungua vifuniko ili mitungi iote jua, jioni akavifunga. Akaifuta kila asubuhi kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Lakini kata haikuzama ndani. Rojo lilipopungua, supu ya nyumba ile ilikuwa nyepesi mpaka ukiinama unajiona.

"Mama," Sebong akasema siku moja, akiangalia bakuli lake, "tuna mitungi ya mchuzi uani, na supu yetu ni kama maji ya kunawia."

"Basi nawa, kisha unywe."

Sebong akacheka, akanywa. Okdan hakucheka. Baadaye, walipokuwa wakipalilia, alimwuliza mama yake kwa nini wajinyime hivyo. Mama Okdan alinyoosha mgongo, akamweleza bila kuzungusha. Msichana anayeingia nyumba ya watu mikono mitupu, alisema, hula mwisho na huamka kwanza mpaka anazeeka. Mvulana asiye na kitu cha kuanzia huanza na deni. Baba yao hakupata muda wa kuwawekea shamba. "Kwa hiyo mtaondoka hapa na kitu ambacho hakuna mwenye shamba wa kukigawa nusu kwa nusu."

Mwaka wa pili akaweka mtungi wa Sebong. Wa tatu, wa Maknyo. Mitungi ikawa mitatu, tumbo kwa tumbo, uani kwa mjane.

Siku moja ya jua kali Mama Changsu alichungulia juu ya ukuta, akaona vifuniko viko wazi na juu ya mchuzi mweusi pametanda utando mweupe. Kisimani alisema ameona kwa macho yake mwenyewe: ya mjane imeota kuvu, inaoza, kama alivyosema. Wanawake wakatikisa vichwa. Mama Okdan aliposikia alijikaza kisabuni. Alijua utando ule ni wa kawaida. Alijua. Lakini hakuwahi kuuonja, na mtu aliyeapa kutoonja ana tundu moja dogo moyoni ambamo shaka hupitia kama upepo wa baridi.

Kiangazi cha mwaka ule mbingu zilifunga. Majaruba yalipasuka kama visigino vya mzee. Mpunga ulisimama mkavu, na soya ya kingoni ilikufa kabla ya kutoa ua. Hakuna nyumba hata moja ya Bamgol iliyovuna soya ya kufinyanga bonge moja. Mwezi wa kumi ukoo wa Yun ulipokutana makaburini kuwatolea mababu sadaka zao, sahani zilikuwa na nafasi nyingi kuliko chakula.

Hapo ndipo Yun Manho alipomgeukia mke wa marehemu ndugu yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuamua.

"Shemeji," alisema, "midomo kwako ni minne na chungu ni kimoja. Nyumba ya Kwak, ng'ambo ya mto, wanataka msichana wamlee mpaka afae kuwa mke wa mtoto wao. Watatoa shayiri. Okdan aende. Sebong aje kwangu, achunge ng'ombe. Wewe ubaki na hako kadogo."

Okdan, aliyekuwa akipanga sahani, aliacha mikono hewani. Mama yake alimwona. Alifahamu nyumba zile na malezi yale: mtoto hupewa jembe kabla ya kijiko, na akilia usiku hakuna anayemjua kwa jina la nyumbani kwao.

"Watoto wangu hawatawanyiki, shemeji."

"Watatawanywa na njaa, si mimi."

"Basi nipe mpaka shayiri ya mwakani ivunwe. Siku utakapomwona mmoja wao mlangoni kwako ameshika bakuli, njoo uwachukue wote, sitafungua kinywa. Lakini asipoonekana?"

Manho alimtazama mkewe. Mkewe akacheka kwa pua, akasema mwachie tu, bakuli litaonekana kabla theluji haijayeyuka.

"Asipoonekana," Manho akasema, "sitalitaja tena jambo hili."

"Lisemee kaburini kwa mdogo wako."

Manho akamwaga pombe ya sadaka juu ya kaburi la Desik, akalisema. Wazee wa ukoo wakasikia, na likawa neno.

Baridi ilikuja na meno yote. Nafaka ya mjane iliisha mapema, rojo nalo likaisha. Walikwangua maganda ya misonobari, wakayaloweka, wakayatwanga, wakayachemsha. Theluji ilipopungua walichimba mizizi, wakachuma majani ya pakanga yangali madogo kama masikio ya panya. Lakini majani matupu yasiyo na chumvi wala mchuzi ni adui anayejifanya mgeni. Mlimani watu walianza kuvimba. Wachuuzi wa chumvi hawakupandisha tena, kwani mto ulikuwa umebaki mawe.

Asubuhi moja Mama Okdan alimvika Maknyo soksi, zikakataa kuingia. Akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole. Kidole kilipoondoka, shimo lilibaki.

Alitoka uani akasimama mbele ya mitungi. Maji yalikuwa yamefika shingoni na njia ilikuwa moja, lakini miguu yake haikusogea. Kufungua mtungi ni kuvunja kiapo. Na kuchagua mtungi ni kuchagua mtoto wa kunyang'anya. Akiuchukua wa Maknyo, atamwambia nini siku ya harusi yake? Akiuchukua wa Sebong, aliye mwanamume wa pekee?

Alisikia hatua nyuma yake. Okdan alikuwa amesimama na kata mkononi.

"Fungua wangu, Mama."

"Rudi ndani."

"Ndio wa zamani kuliko yote. Na mimi ndiye wanayetaka kunipeleka kwa Kwak. Nikipelekwa huko, nitaufanyia nini? Nikibaki hapa, nitausubiri mwingine." Akanyoosha kata. "Nilidondosha hizo punje mimi mwenyewe. Nina haki ya kusema."

Mama Okdan alimtazama binti yake, akaona kwamba jambo alilokuwa akiliweka kwa miaka yote ile halikuwa mtungini peke yake. Akakifunua kifuniko. Utando mweupe ulikuwa palepale, mzito kama ngozi ya maziwa. Kama Mama Changsu alisema kweli, basi miaka yote ile alikuwa akitunza kaburi la pili.

Akausogeza utando kando kwa ubavu wa kata. Chini yake mchuzi ulikuwa mweusi, umetulia, unang'aa kama jicho la ng'ombe. Akachota. Chini ya kata kitu kiligonga: chumvi iliyoganda vipande vipande kama vito. Akapeleka mdomoni.

Kwanza ilikuja chumvi. Kisha utamu, utamu wa mbali, uliotoka chini kabisa, wa jua la miaka yote ile. Alifumba macho. Okdan akadhani mama yake analia kwa sababu umeoza, akamshika nguo.

"Mama?"

"Onja," akasema Mama Okdan, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi. "Onja mkono wa mjane."

Kuanzia siku hiyo maganda na majani yaliingia chunguni na matone ya mchuzi, na yakawa chakula. Miguu ya Maknyo ilikonda ikarudi kuwa miguu. Sebong alirudisha maneno yake yote, na mengine ya ziada. Hawakushiba, sitaki kudanganya. Hakuna aliyeshiba Bamgol mwaka ule. Lakini walisimama wima, na hakuna bakuli lililotoka nyumba ile kwenda popote.

Ndipo Mama Okdan alipoanza kuona kitu ng'ambo ya ukuta. Siku za jua wanawake wote hufungua vifuniko vya mitungi yao. Katika ua wa Manho vifuniko havikufunguliwa. Jua lilitoka, likazama, askari wale wa gwaride wamefunikwa vichwa. Mwanzoni alidhani ni uvivu, lakini Mama Changsu hakuwa mvivu. Kisha upepo ukageuka asubuhi moja, ukamletea harufu, naye akaelewa. Ile haikuwa harufu ya soya iliyolala.

Angeweza kwenda kisimani. Ndoo yake haikuhitaji maji siku hiyo, lakini ulimi wake ulihitaji kiu yake ikatwe. Maneno yote aliyosemwa alikuwa ameyaweka, yako kamili. Alifika hadi langoni, akarudi. Nyumba ile ilikuwa na watoto pia, nao walikuwa wa ukoo mmoja na watoto wake.

Shayiri ilipoanza kutoa masuke ya kijani, wakati ambao tumbo huuma zaidi kwa sababu jicho linaona, Yun Manho alikuja. Hakuingia, mwanamume wa heshima haingii ua wa mjane. Alisimama nje ya lango la fito, akakohoa. Akasema mvua huenda ikaja. Akasema kunguru ni wengi mwaka huu. Mikono yake ameikunja ndani ya nguo, na kwenye nguo kumetokeza duara.

Mama Okdan alimsikiliza mpaka kunguru wakaisha.

"Shemeji," akasema kwa upole, "ukizidi kulikumbatia hilo bakuli utalivunja."

Manho alilitoa. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni, kisha maneno yakamtoka kama maji yaliyopasua ukingo. Changsu amevimba uso, macho hayafunguki. Mchele bado wanao kidogo, lakini majani bila mchuzi yanamuua, na mchuzi wao umeharibika, mtungi kwa mtungi. Ule wa zamani uliisha kwenye harusi ya binti yao mkubwa. Ule mpya mkewe aliuchelewesha: mwaguzi alimwambia siku ya Farasi ya mwezi wa kwanza inagombana na nyota ya mumewe, asubiri ije siku njema. Siku njema ikaja maua yameshapukutika na jua limeshapata nguvu, naye akatia chumvi kwa kipimo kile kile cha baridi. Kiangazi ukaoza. Akaona aibu, akaufunika, akakaa juu ya siri mpaka siri ikamgeukia mwanawe.

"Nilisema kaburini kwamba bakuli litakalogonga mlango..." Hakumaliza.

"Ulisema," akaitikia Mama Okdan. "Na bakuli limegonga. Sitalijaza."

Manho akainua uso. Ulikuwa umepauka.

"Bakuli ni la ombaomba, na wewe ni kaka wa mume wangu. Changsu akipona leo, kesho atakula nini? Mwambie mkeo aje na mtungi. Aje mchana huu, apite kisimani, asizunguke kwa nyuma. Kule kule maneno yake yalikopita."

Mama Changsu alikuja. Jua lilikuwa utosini, kisimani wamejaa, naye akapita katikati yao na mtungi kichwani, macho mbele, na ninamsifu kwa hilo, kwani kutembea vile kunahitaji shingo. Alipofika aliutua chini, akafungua kinywa kusema alichokariri njiani.

Mama Okdan hakumsubiri. Alichota kata moja kutoka mtungi wa Okdan, mmoja alioujua. Kisha, kwa mara ya kwanza, akafunua wa Sebong, akachota. Akafunua wa Maknyo, akachota. Kila alipomimina alitaja jina la mwenye mtungi. Akarudia, akarudia tena, mpaka Mama Changsu akaelewa ni nani wanaomlishia mtoto wake, akainamisha kichwa.

"Usiuchote wote," Mama Okdan akamwambia alipomaliza. "Kiasi kikibaki chini, kiache. Soya ikirudi, umimine mpya juu ya huo wa zamani. Huo ndio mama, utaufundisha mpya jinsi ya kukaa."

Tone moja lilikuwa limeteleza mdomoni mwa mtungi. Mama Changsu alilipangusa kwa kidole, akakiangalia, akakilamba. Akasimama hivyo, kidole mdomoni, macho yamemjaa maji.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Na mimi nilisema hata mbwa."

"Ya mbwa siyajui, dada. Wewe umelamba."

Wakatazamana. Kisha Mama Changsu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebanwa na kiatu akakivua, na Mama Okdan naye kikamshika. Wanawake waliokuwa wamejisogeza langoni kwa kisingizio cha kuchuma majani hawakuelewa kitu, lakini harufu iliyotoka kwenye mitungi ile mitatu iliwafikia, na jioni ile hakuna aliyezungumzia kuvu.

Shayiri ilivunwa. Changsu alifungua macho, akaishi. Yun Manho alikwenda mwenyewe kwa Kwak kuwaambia watafute msichana kwingine, na jambo lile halikutajwa tena, si kwa neno wala kwa kikohozi. Mvua zilirudi, kingo zikapandwa, na vuli ilipofika Mama Changsu alileta kapu la soya lililozidi mchuzi aliopewa. Wanawake wale wawili wakafinyanga pamoja, na mwezi wa kwanza wakachagua siku ya Farasi ya kwanza waliyoiona, na mwaguzi hakuulizwa. Mchuzi mpya ulimiminwa juu ya ule uliobaki katika mtungi wa Okdan, ukajaa hadi shingoni.

Okdan aliolewa akiwa na miaka kumi na saba, na kijana wa bonde la pili ambaye mama yake alikuja kwanza kuonja, ndipo akaposa. Siku ya kuondoka, bibi harusi akiwa amekaa ndani ya kiti cha kubebwa, Yun Manho aliwaondoa vijana waliokuwa wakibishana nani abebe mtungi. Alifunga kiunzi cha kubebea mgongoni mwake mwenyewe, akapiga goti moja, akasema wampandishie.

"Baba mkubwa, ni mzito," Sebong alimwonya.

"Najua uzito wake," Manho akajibu. "Niliwahi kuukosa."

Akainuka nao. Mama Okdan alisimama langoni katika nguo yake ya rangi ya majani, ile ya kabla ya msiba, mabega yamenyooka kama ya mtu anayepokea heshima ya mfalme. Hakulia. Msafara ulipanda njia ya mlimani, mtungi mweusi ukimeta juu ya mgongo wa mwanamume aliyetaka kumtoa mtoto yule kwa shayiri, na chini ya kifuniko, kina kirefu kabisa, mlikuwamo bado soya ya mwaka ule wa kwanza, ya ukingoni kwa mto, ambako hata bata huteleza. Akiba haiozi.